Kutengeneza utando wa nyuzinano wa kunasa metali nzito majini

Wachimbaji wadogo wa Chunya hukamatia dhahabu kwa zebaki, na wakulima wa kahawa hupulizia dawa zenye shaba. Metali hizi haziondoki kwa kuchemsha maji. Hapa maabara, Mbeya, ninazinasa kwa utando wa nyuzinano, yaani nyuzi nyembamba mno kuliko unywele, zenye kitosani, inayotokana na maganda ya kamba na kaa.

Hatua ya 1. Yeyusha polivinili alkoholi (plastiki inayoyeyuka majini) ya asilimia 10 katika maji ya nyuzijoto 90 na, kando, kitosani ya asilimia 2 katika asidi ya asetiki iliyozimuliwa. Zikipoa, changanya sehemu 4 za kwanza kwa 1 ya pili, ukoroge usiku kucha.

Hatua ya 2. Jaza sirinji yenye sindano butu, weka karatasi ya alumini sentimita 15 mbele yake, sukuma mililita 0.5 kwa saa, kisha washa kilovolti 15 hadi 20 kati ya sindano na karatasi. Tone litachongoka na kurusha uzi usioonekana, na karatasi itaanza kupata weupe kama ukungu. Volti hizi ni za hatari, kwa hiyo fanya kazi ndani ya sanduku lililofungwa, na uzime umeme kabla ya kulifungua. Msimu wa mvua, punguza kwanza unyevu wa chumba, kwa sababu nyuzi hufika zikiwa mbichi na kugandana.

Hatua ya 3. Hapa usiharakishe. Utando wangu wa kwanza niliutumbukiza majini ukiwa mbichi, ukageuka ute mbele ya macho yangu. Uache saa 24 katika mvuke wa glutaraldehidi, ndani ya kabati la kuvutia hewa chafu, ili molekuli zishikane, kisha uuoshe vizuri.

Hatua ya 4. Jaribu kwanza kwa maji ya mrututu (salfeti ya shaba) yenye pH 5, yaani asidi kidogo. Utando mweupe utaingia ubuluu, kwa kuwa naitrojeni ya kitosani imeishika shaba. pH ikishuka sana, protoni za asidi hukalia nafasi za shaba kwenye naitrojeni. Ikipanda, shaba hujitenga yenyewe kama mashapo, nawe ukadhani ni kazi ya utando.

Rangi haitoshi kuruhusu mtu anywe. Pima maji kwa mashine inayopima mwanga unaofyonzwa na atomu za metali. Kwa metali ya risasi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.01 kwa lita.

Utando ukijaa, uoshe kwa EDTA, kemikali inayong'oa metali, uutumie tena. Maji ya kuoshea sasa ndiyo yenye metali yote: yahifadhi kwenye chombo chenye lebo, kamwe usiyamwage kwenye sinki.