Waridi la buluu halipo: jinsi ya kupata na kupanda la zambarau

Nina kitalu kidogo cha miche Usa River, karibu na Arusha, na kila Valentine ikikaribia kuna anayesimama getini kuuliza: "Shikamoo mama, una waridi la buluu?" Marahaba mwanangu, sina. Wala jirani yangu hana, hata akikuuzia. Mwaridi hautengenezi delfinidini, ile rangi inayoyapa maua mengi ubuluu wake. Kampuni za Suntory ya Japani na Florigene ya Australia zilihangaika miaka mingi, zikauingizia jeni ya ua la pansi, na mwaka 2009 waridi hilo likaanza kuuzwa Japani kwa jina la 'Applause'. Ukiliona utasema ni zambarau iliyopauka, na hutakuwa umekosea.

Basi yale ya buluu kali ya madukani ni meupe yaliyonyweshwa rangi. Kata kikonyo kwa mkasi utazame pale ulipokata: utaona duara la buluu ndani. Angalia na petali, mishipa imekolea kuliko nyama iliyo katikati, na pembe za majani zina rangi ambayo jani halina. Kijiti chake ukikipanda kikashika, maua yatatoka meupe. Mbegu za "blue rose" za mtandaoni usiziguse kabisa. Mbegu ya waridi haimrudishi mzazi wake, hata muuzaji angekuwa mwaminifu. Hiyo hela nunua samadi.

Na buluu ya kufulia tuache kuimwaga kwenye mashina, jamani. Ua la haidrenjia ndilo linalogeuka buluu udongo ukiwa na tindikali na alumini. Mwaridi hauna habari na mambo hayo.

Kilichopo ni zambarau za kila namna, na ukijua kuchagua hutajuta. Mimi naanza na 'Blue Moon', iliyotoka kwa Tantau, wazalishaji wa mawaridi wa Ujerumani, miaka ya 1960. Rangi yake ni urujuani hafifu, na harufu ina ulimao ndani yake. Kwa harufu hiyo peke yake ningeipanda hata ingekuwa ya kijivu. 'Sterling Silver', ya Gladys Fisher wa Marekani, ya mwaka 1957, imezaa nyingi za aina hii, ila yenyewe ni mvivu wa kuchanua na mwepesi wa kuugua. Mwenye subira aipande. Anayetaka kuukaribia ubuluu hasa atafute 'Rhapsody in Blue' ya Mwingereza Frank Cowlishaw. Inafunguka zambarau iliyoiva, na kadiri inavyozeeka inaelekea rangi ya moshi, mpaka jioni utabishana na wenzako ni rangi gani. 'Veilchenblau' ya mwaka 1909 huchanua mara moja kwa mwaka na imezoea baridi ya Ulaya, kwa hiyo huku kwetu sikushauri.

Kuzipata ndiyo kazi. Zunguka kwenye bustani za zamani: nyumba za misheni, za mashamba ya kahawa, na vibaraza vya wazee wa Lushoto, Moshi au Limuru. Nenda maua yakiwa yamefunguka, piga hodi, sifia bustani, kisha omba kijiti. Jina usilitegemee, wengi wamelisahau. Tegemea macho na pua. Kwa wauza maua utakutana na 'Ocean Song', zambarau nzuri ya mashamba ya biashara. Aina kama hizo mara nyingi zina haki za mgunduzi, yaani aliyeizalisha analindwa na sheria, hivyo ukizalisha miche ya kuuza bila idhini yake umejitafutia kesi. Kutoka nje ya nchi, omba kwanza kibali cha kuingiza mimea kwa mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya, na mche uje na cheti cha afya. Usifiche vijiti kwenye begi. Ugonjwa mmoja unatosha kutumalizia mashamba.

Ukishapata kijiti, kibebeshe, yaani pachika jicho lake kwenye shina la waridi jingine lenye nguvu. Zambarau nyingi zina mizizi dhaifu, zikisimama zenyewe zinadumaa. Shina la kubebeshea liwe lile waridi la pinki la kienyeji linalomea kwenye ua bila mtu kulimwagilia. Otesha vipandikizi vyake mapema, vingoje vifikie unene wa penseli. Siku mbili kabla ya kazi mwagilia vya kutosha ili ganda libanduke kirahisi.

Kijiti cha zambarau kiwe kile ambacho ua lake limetoka kupukutika. Sukuma mwiba pembeni kwa kidole gumba: ukikatika safi, kimekomaa, ukipinda na kuchanika, bado. Ondoa majani ila bakiza vikonyo vyake vifupi vya kushikia. Kwa wembe mpya chota jicho, ile chipukizi ndogo iliyo juu ya kikonyo cha jani, na ganda lake, urefu wa sentimita mbili hivi. Kwenye shina, karibu kabisa na ardhi, chana ganda kwa umbo la herufi T, inua kingo, telezesha jicho likitazama juu, ufunge kwa utepe wa plastiki huku jicho likibaki wazi. Fanya haraka, jicho likikauka ndio basi. Baada ya wiki tatu gusa kile kikonyo. Kikidondoka chenyewe, limeshika. Kikiwa kimesinyaa na kung'ang'ania, rudia upande wa pili wa shina. Jicho likishaanza kuchipua, kata shina juu yake.

Sasa rangi. Jua kali linaiua. 'Blue Moon' ile ile inayotoka na vumbi la pinki Desemba, Julai hutoka urujuani mpaka wapita njia wanasimama. Kwa hiyo panda upande wa mashariki wa nyumba, upate jua la asubuhi mpaka kama saa nane mchana, kisha kivuli. Na pogolea katikati ya Mei, masika yakiisha. Wiki saba hadi tisa baadaye maua yanakutana na baridi na mawingu ya Julai.

Sisi wa chini ya Mlima Meru tuna maji yenye magadi. Majani yakigeuka njano huku mishipa ikibaki kijani, mwaridi unakosa chuma, haukosi maji. Kinga maji ya mvua umwagilie, ongeza mboji. Mwagilia chini, asubuhi, majani yasilale na unyevu, maana ugonjwa wa madoa meusi unazipenda zambarau nyingi. Majani yaliyoanguka okota uchome. Ubwiri unga, ule unga mweupe juu ya majani, upulizie salfa, ila si juani.

La mwisho: chipukizi likitoka chini ya mahali ulipobebesha, fukua mpaka linapoanzia, ulinyofoe kwa mkono. Ukilikata kwa mkasi linarudi na ndugu zake. Ukilionea huruma litameza mti wote, na mwakani utakuja kunigombeza kwamba nilikuuzia pinki.