Kuiweka nomino katika ngeli yake bila kukosea

Wengi hukosea ngeli kwa sababu wanaangalia mwanzo wa neno tu. Ngeli tunazofundisha shuleni hupimwa kwa upatanisho, yaani kwa kiambishi kinachoingia kwenye kitenzi. Kwa hiyo litungie neno sentensi mbili, ya umoja na ya wingi, kabla hujaliainisha.

Uliza kwanza: ni mtu au mnyama? Ikiwa ndivyo, ngeli ni A-WA (a- kwenye kitenzi cha umoja, wa- kwenye cha wingi), hata neno likianza na ki-: kipofu amefika, vipofu wamefika. Usiseme tu "viumbe hai", maana mti nao ni hai lakini umo katika U-I. Angalia pia maana iliyokusudiwa. Kifaru wa porini amekimbia. Kifaru cha jeshi kimelipuliwa. Ua la bustanini limenyauka, wingi maua. Ua wa nyumba umebomoka, wingi nyua.

Rafiki na ndugu huwatatiza wanafunzi kwa sababu ya kimilikishi: rafiki yangu amekuja, marafiki zangu wamekuja. "Yangu" na "zangu" zinafanana na za I-ZI, lakini kitenzi kinabaki A-WA. Fuata kitenzi.

Penye makosa mengi zaidi ni U. Mti umeanguka, ukuta umeanguka: kwa umoja huwezi kuzitofautisha. Wingi ndio unaoamua: miti imeanguka (U-I), kuta zimeanguka (U-ZI). Uji umemwagika hauna wingi, basi U-U. Ugonjwa umeenea, magonjwa yameenea, hiyo ni U-YA.

Hapo ndipo inapozaliwa "funguo yangu imepotea". Msemaji amesikia "funguo zimepotea", akadhani ni kama "nyumba zimebomoka", akaurudisha umoja kwa i-. Umoja ni ufunguo: ufunguo wangu umepotea. Vivyo hivyo wembe huu, nyembe hizi. Si "nyembe hii". Nywele moja ni unywele, na za kichwa kizima ni nywele zangu, si "nywele yangu".

"Gari yangu imeharibika" husikika kila siku, ila wingi wake huifichua: magari yameharibika. Katika Kiswahili sanifu, basi, gari ni LI-YA: gari langu limeharibika. Ukibaki na shaka, fungua kamusi inayoonyesha viambishi vya upatanisho kando ya neno, kama [li-/ya-], na usome hivyo badala ya umbo la wingi pekee.