Kumnyoa mtoto nyumbani, nilivyofunzwa Kaloleni

Kwenye kibanda cha mabati nilikojifunzia unyozi, pale Kaloleni, Nairobi, kulikuwa na ubao uliolazwa juu ya mikono miwili ya kiti. Mtoto asiyefikia kioo aliketi juu ya ule ubao. Katikati ulikuwa umelainika na kung'aa kwa kukaliwa, na ukingo wa mbele ulijaa mikwaruzo midogo ya kucha, kwa sababu mashine ikipita nyuma ya sikio mtoto lazima ashike kitu. Kila nikiuona ukingo ule nilijua ni wapi watoto huogopa.

Nilianza kazi mwaka wa 1988. Mzee aliyenifunza alikuwa ameanzia kwenye mashine ya mkono, ile ya kuminya kama koleo. Mashine ile ilikuwa na sheria moja: usiinue mkono kabla hujaachia, la sivyo meno yanafunga na nywele zinang'olewa na mizizi. Watu wazima wengi wa Eastlands bado wanakumbuka machozi yale. Ndiyo maana mzee alikuwa mpole kwa watoto kuliko kinyozi yeyote niliyepata kumwona, na aliita kila mtoto "mzee." "Inama kidogo, mzee. Sawa, sasa tazama kioo." Mtoto wa miaka minne alinyooka mgongo.

Siku hizi nyumba nyingi zina mashine iliyonunuliwa Luthuli Avenue, na baba au mama humnyoa mtoto Jumapili jioni kabla ya shule kufunguliwa. Hilo ni jambo zuri. Ila naona watoto wenye mistari ya ngazi kisogoni na vidonda nyuma ya masikio, na inaniuma, maana hakuna hata kimoja kinachohitaji ufundi mkubwa kukiepuka.

Anza na mashine, mtoto akiwa bado anacheza nje. Ina safu mbili za meno: ya chini yametulia, ya juu ndiyo yanayocheza. Ielekeze kwenye mwanga uone ncha. Ncha za juu lazima ziwe nyuma ya zile za chini kidogo tu, kama unene wa ukucha. Zikilingana au zikitangulia, mashine itauma ngozi. Legeza skrubu mbili zilizo chini, sogeza, kaza tena. Halafu pitisha mashine ikiwa imewashwa ndani ya mkono wako mwenyewe, karibu na kiwiko, ngozi ilipo laini. Ikikukwaruza wewe, itamkata mtoto.

Mwaka wa 1991 nilimkata mtoto sikio. Mashine ilikuwa imeanguka asubuhi, nikaiokota na kuendelea bila kuitazama. Ilikuwa tone moja la damu, lakini mtoto alinitazama kwenye kioo kwa namna ambayo sijaisahau. Mzee aliichukua mashine mkononi mwangu bila neno, akamalizia kichwa kile kwa makasi, na jioni akanikalisha niyafungue meno na kuyapanga upya mara kumi. Tangu siku ile mashine ikianguka kwangu, hata kwenye zulia, haigusi kichwa kabla sijaitazama ncha.

Ikiwa mashine ni ya waya na inapiga kelele za kukereza, zungusha skrubu ya ubavuni taratibu mpaka kelele ife na mlio uwe mmoja, laini. Ndani yake kuna sumaku ya umeme inayovuta na kuachia, mtindo uleule ambao Leo Wahl wa Illinois, Marekani, aliuombea hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka wa 1919, na skrubu ile inaweka nafasi ya sumaku kucheza. Weka matone mawili matatu ya mafuta ya mashine kwenye meno. Usitumie mafuta ya kupikia, yanaganda.

Sasa nywele. Watu husema ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji. Methali hiyo ni ya wembe. Zamani kichwa kililoweshwa sawasawa kwa sababu unywele uliolowa hulainika na wembe hupita bila kukwaruza. Mashine inataka kinyume chake. Mwoshe mtoto kichwa, mkaushe kabisa, kisha chanua kwa chanuo mpaka nywele zisimame. Nywele zetu zikiwa na maji hujikunja na kulala, mashine inapita juu yake, halafu zikikauka zinainuka na unaona mashimo ambayo hukuyakata.

Kabla hujawasha, soma kichwa. Mzee alitumia dakika nzima hapa, akipapasa kwa vidole kama anayetafuta kitu alichopoteza. Unatafuta mambo matatu. La kwanza ni mzunguko wa nywele utosini: watoto wengi wana mmoja, wengine wana miwili, na hapo nywele hulala pande zote. La pili ni uvimbe, kovu, au mfupa uliochomoza kisogoni, mahali ambapo mashine itaruka. La tatu ni choa. Ukiona duara lenye magamba meupe na nywele zilizokatika, acha. Usinyoe, na mashine ile isiguse ndugu zake. Choa ya kichwani haiponi kwa kupaka tu, kwa sababu imeingia ndani ya shina la unywele. Inahitaji vidonge kwa wiki kadhaa, na vidonge hivyo hutolewa na daktari.

Mtoto asikalie kochi. Mpe kiti kigumu cha kumfikisha kifuani pako, na kama unaweza, tafuta ubao. Washa mashine mbali naye kwanza, kisha mgusishe mgongo wa mashine begani ausikie ule mtetemo. Mwache aishike ikiwa imezimwa. Dakika hizo mbili zinakuokoa nusu saa ya vilio.

Mkono wa kushoto ndio unaonyoa. Hili lilinichukua mwaka mzima kulielewa. Wa kulia unabeba mashine tu. Wa kushoto unageuza kichwa, unavuta ngozi iwe sawa, unakunja sikio, unamwambia mtoto kwamba yuko salama. Uweke kiganja kizima utosini, usimshike kwa ncha za vidole na usimbane kidevu. Mtoto akitaka kugeuka utamsikia kwenye kiganja kabla hajageuka, nawe unainua mashine.

Kwa mara ya kwanza tumia kitana namba 2, kile kinachovikwa kwenye meno ya mashine, kinachoacha nywele za milimita 6 hivi. Namba 1 huacha 3, na makosa yote yanaonekana. Anza kisogoni, chini kwenda juu, polepole, kinyume cha nywele zinavyolala. Kisha pande mbili. Juu malizia mwisho, na kwenye mzunguko wa utosini pita kutoka pande nne. Kila unapofika mahali kichwa kinapopinda, mashine iachane na kichwa kama ndege inayopaa. Ukiufuata ule mpindo utachimba ngazi. Baada ya dakika kumi gusa meno kwenye kifundo cha mkono wako. Yakiwa moto, zima, pumzika, mpe mtoto maji.

Nyuma ya sikio, toa kitana, kunja sikio mbele kwa kidole, na tumia pembe ya meno tu. Hapo ndipo kucha zilipokuwa zikikwaruza ubao, kwa hiyo mwambie kabla: "Sasa sikio, mzee, hesabu mpaka tano." Wewe maliza akiwa kwenye nne.

Laini ya mbele iache ilipo. Vijana wanapenda laini kali iliyorudishwa nyuma, ila kwa mtoto ukiisogeza nusu sentimita leo, wiki ijayo ana kivuli cha nywele zinazoota mbele yake. Safisha zile nywele chache zilizotoka nje, basi. Kisogoni usitie wembe kabisa. Nywele zilizojikunja zikikatwa ndani ya ngozi hurudi zikachomea humo humo, na kwa wavulana wakubwa vipele vya shingoni vinaweza kugeuka makovu magumu yasiyoondoka. Nimewanyoa wanaume wa miaka 40 wenye makovu ya namna hiyo, na wengi walianza na wembe wakiwa sekondari.

Spiriti isiguse kichwa cha mtoto. Kwetu ilikuwa lazima, mtu anafumba macho na kuvuta hewa kwa meno, lakini ngozi yake haihitaji. Kitambaa cha maji vuguvugu, kisha mafuta kidogo. Spiriti ni ya mashine: piga brashi nywele zote zitoke kwanza, halafu futa meno kwa spiriti, yakauke, weka mafuta. Usiyawashe moto kama vinyozi wa zamani walivyofanya, na usitumie dawa ya kung'arishia nguo, inakula chuma.

Kisha mwonyeshe kisogo. Mzee alikuwa na kioo kidogo cha mviringo chenye ufa, na hata kwa mtoto wa miaka mitatu alikishika nyuma na kungoja, kimya, mpaka mtoto atikise kichwa kukubali. Wengine walitazama kwa muda mrefu sana. Foleni ilingoja.