Jinsi ya kurekebisha somo la chuo kwa maswali ya wanafunzi

Nafundisha takwimu chuoni hapa Malindi, na kila wiki natenga saa mbili za wanafunzi kuniona. Zamani nilikuwa nikijibu maswali yao kisha nikisahau. Siku hizi nayatumia kujua somo langu linavuja wapi.

1. Chagua saa na mahali pa kufikika. Ijumaa mchana usijisumbue, watu wako msikitini. Mimi hukaa Jumanne baada ya alasiri, tena si ofisini, bali kwenye benchi chini ya mwarobaini. Wengi huona haya kumbishia mwalimu hodi.

2. Andika swali kwa maneno yao. Hapa ndipo penye kazi. Daftari langu lina tarehe, mada na swali; jina siandiki. Mwanafunzi akisema, "Mwalimu, wastani umenishinda," usikimbilie kuhutubia. Mwambie, "Hebu nionyeshe ulivyofanya." Mmoja alinionyesha hesabu ya samaki wa mashua tano: kilo 12, 13, 14, 15 na 96. Alijumlisha akapata 150, akagawa kwa 5, akapata 30. Sawasawa kabisa! Kilichomkera ni kwamba hakuna mashua hata moja iliyoleta kilo zinazokaribia 30. Kumbe alitaka kujua ni lini wastani hudanganya, na ni lini namba ya katikati, yaani 14, husema kweli zaidi. Hilo sikuwa nimelifundisha.

3. Hesabu kabla ya kubadilisha. Kila baada ya wiki mbili napitia daftari kwa kalamu nyekundu. Swali la mtu mmoja namalizana naye mwenyewe. Likiletwa na watatu ambao hata hawakai pamoja, basi kosa ni langu. Niliwahi kupindua mhadhara mzima kwa sababu ya kijana mmoja msemaji, na darasa zima likapotea. Isitoshe, wanaokuja mwarobaini ni wachache. Kwa hiyo nagawa vikaratasi dakika tano kabla ya kipindi kuisha, kila mtu aandike kilichomtatiza, bila jina. Wanyamavu nao huonekana hapo.

4. Rekebisha kitu kimoja tu. Sasa, kabla ya kutaja kanuni yoyote, naandika zile mashua tano ubaoni na kuuliza: mashua ya sita ikiingia, mchuuzi atarajie kilo ngapi? Waache wabishane. Kwa kweli wavuvi wa hapa wangelijibu haraka kuliko sisi.

5. Waambie umebadilisha nini. "Mliniuliza hili, nimefanya hivi." Usimtaje aliyeuliza. Ukinyamaza, Jumanne ijayo utakaa na mwarobaini wako peke yako.

Muhula uliofuata swali la wastani lilikuja mara moja tu. Kurasa zilizobaki za daftari zimejaa maswali ya asilimia.