Ruzuku ya uwanja wa vijana kijijini: anza na ardhi, andiko lije mwisho

Mwezi uliopita nilikaa na vijana wa timu ya netiboli ya kijiji kimoja mkoani Lindi. Walikuwa na andiko la kuomba ruzuku la kurasa 22, limepangwa vizuri, lina picha za mabinti wakicheza mchangani. Nikawauliza uwanja ni wa nani. Wakajibu kwa pamoja, "Wa kijiji." Karatasi inayosema hivyo hawakuwa nayo. Tukaliweka andiko pembeni, tukaanza upya kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1: Usajili

Klabu husajiliwa chini ya sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967. Anzeni kwa afisa michezo wa wilaya, mkiwa na katiba na orodha ya wanachama. Fungueni na akaunti ya benki kwa jina la klabu. Mfadhili akitaka shirika lisilo la kiserikali, msikimbilie kuanzisha jipya kwa ajili ya ombi moja, maana lina ada na ripoti za kila mwaka. Afadhali kijiji au shule iwe mwombaji, nanyi muwe watekelezaji.

Hatua ya 2: Ardhi

Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka 2017 nilisaidia kundi jingine, na ombi letu likarudishwa mara mbili. Mara ya kwanza tulikuwa na barua ya mtendaji wa kijiji inayosema kijiji "hakina pingamizi". Kutokuwa na pingamizi si kutoa. Mara ya pili tulipeleka muhtasari wa kikao, kumbe ulikuwa wa Halmashauri ya Kijiji, si wa Mkutano Mkuu. Mkutano Mkuu ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, na kwa kawaida huitwa kila baada ya miezi mitatu. Wa robo ile ulikuwa umepita wiki moja tu. Tukangoja robo nzima, dirisha la maombi likafungwa.

Kwa hiyo muulizeni mwenyekiti wa kijiji tarehe ya mkutano ujao kabla ya kuandika chochote, na muombe uwanja uwe ajenda inayojitegemea. Ukiingizwa kwenye "mengineyo", muhtasari utakuwa na mstari mmoja usiomshawishi mtu. Hakikisheni muhtasari unataja eneo kwa jina lake, vipimo vyake, majirani wa pande zote nne, kazi ya eneo hilo, na uamuzi wenyewe. Uambatane na orodha ya waliohudhuria yenye saini zao, na muhuri. Ombeni pia kuona mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, kama upo. Eneo likiwa limetengwa kwa malisho, mna mazungumzo marefu na wafugaji kabla ya kumtafuta mfadhili.

Kisha upitieni mpaka wa eneo kwa miguu pamoja na majirani. Msiruke hili hata mkiwa na haraka. Kule Lindi tulipofika upande wa mashariki, mzee mmoja alisimama kwenye mkorosho, akauegemea. Binti nahodha akamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, kisha akasema, "Huu aliupanda baba yangu, na mwenyekiti anajua." Mwenyekiti akakiri. Tukausogeza mpaka wa uwanja kwa mita 6, na mzee akasaini kama shahidi. Mgogoro ule ungeibuka zege likiwa limeshamwagwa, watoto ndio wangekosa uwanja.

Uwanja wa shule una njia yake. Barua ya mwalimu mkuu peke yake haitoshi. Pateni muhtasari wa kamati ya shule na barua ya mkurugenzi wa halmashauri, pamoja na makubaliano ya matumizi yanayotaja saa za vijana wasio wanafunzi: jioni, Jumamosi, likizo. Mimi sikubali makubaliano ya chini ya miaka 10. Mjini, nendeni idara ya mipango miji mkaone mchoro. Viwanja vingi tulivyochezea utotoni vimekuwa maduka kwa sababu hakuna aliyekuwa na karatasi.

Hatua ya 3: Vipimo

Tumieni tepu ya mita 50, si hatua za miguu. Ushauri wangu ni kuanza na uwanja mmoja wa zege wa netiboli na kikapu. Nyasi bandia ni ghali, na zikichakaa kijiji hakina uwezo wa kuzibadilisha. Zaidi ya hapo, kwenye uwanja wa soka mabinti husubiri wavulana wamalize, na jua limeshazama.

Netiboli inahitaji mita 30.5 kwa 15.25, kikapu mita 28 kwa 15. Ongezeni mita 3.05 kila upande mpate mita 36.6 kwa 21.35, inayotosha michezo yote miwili. Urefu uelekee kaskazini na kusini ili jua la jioni lisiwapige wachezaji machoni. Uwanja uiname kidogo, sentimita 1 kwa kila mita, maji yatoke.

Hatua ya 4: Bajeti

Zege la unene wa sentimita 10 kwa eneo hilo ni mita za ujazo 78 hivi. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) ni takribani mifuko 500 ya saruji ya kilo 50. Pelekeni hesabu kwa mhandisi wa halmashauri aithibitishe, chukueni profoma (karatasi ya bei kutoka kwa muuzaji) tatu kwa kila kifaa kikubwa, na muweke usafiri wa kokoto kwenye mstari wake. Mchanga, maji na kusafisha eneo viandikwe kama nguvu za wananchi, kwa thamani yake ya fedha. Msilipe mtu anayetaka asilimia ya ruzuku ili awaandikie andiko. Nawaomba sana.

Hatua ya 5: Andiko

Kurasa sita zinatosha. Semeni nani atacheza, siku gani, nani anashika ufunguo wa stoo, na fedha za kupaka mistari upya zitatoka wapi.

Hatua ya 6: Kupeleka

Msisahau Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliopo kwa sheria ya mwaka 2009. Unasaidia miradi iliyoibuliwa na wananchi wenyewe, na muhtasari wa Hatua ya 2 ndio ushahidi wa hilo. Pitisheni ombi kijijini, kisha kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kila mnapokabidhi, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na mbaki nayo.