SonarQube kwenye Docker: kuanzia seva tupu hadi ripoti ya kwanza

SonarQube ni programu ya kukagua ubora na kasoro za kodi. Tafuta seva ya Linux yenye RAM ya GB 4. Ndani ya SonarQube kuna Elasticsearch, injini ya utafutaji, na hiyo ndiyo inayokwamisha wengi hata kabla ya kuona ukurasa wa kuingia. Kwa hiyo anzia kwenye mashine yenyewe, kontena (boksi la Docker linaloendesha programu) baadaye:

```
sudo sysctl -w vm.max_map_count=524288
```

Mashine nyingi huja na 65530. Ukiruka hapa, kontena litawaka kidogo kisha litazima, na kwenye logi utakuta `max_map_count ... is too low`. Thamani hiyo iandike pia kwenye faili ndani ya `/etc/sysctl.d/`, la sivyo seva ikizimika na kuwaka itarudi ilikokuwa.

Kisha unda faili `docker-compose.yml`, linaloeleza makontena mawili, kanzidata ya Postgres na SonarQube yenyewe:

```
services:
  db:
    image: postgres:16
    environment:
      POSTGRES_USER: sonar
      POSTGRES_PASSWORD: badilisha
      POSTGRES_DB: sonar
    volumes:
      - pg:/var/lib/postgresql/data
  sonar:
    image: sonarqube:community
    restart: unless-stopped
    depends_on: [db]
    ports: ["9000:9000"]
    environment:
      SONAR_JDBC_URL: jdbc:postgresql://db:5432/sonar
      SONAR_JDBC_USERNAME: sonar
      SONAR_JDBC_PASSWORD: badilisha
    volumes:
      - data:/opt/sonarqube/data
      - ext:/opt/sonarqube/extensions
volumes:
  pg:
  data:
  ext:
```

Usiondoe `restart`: `depends_on` husubiri kontena la Postgres liwake tu, haisubiri kanzidata iwe tayari.

Piga `docker compose up -d`, fuatilia `docker compose logs -f sonar` mpaka itokee `SonarQube is operational`. Kwenye kivinjari fungua IP ya seva, bandari 9000, ingia kwa admin/admin, badilisha nenosiri, unda mradi, chukua tokeni (msimbo wa siri wa kuiruhusu skana). Kisha ukiwa ndani ya folda ya kodi, endesha skana, inayosoma kodi na kuituma kwa SonarQube; weka IP ya seva yako, tokeni yako, na ufunguo wa mradi wako badala ya `duka`:

```
docker run --rm -v "$PWD:/usr/src" \
  -e SONAR_HOST_URL=http://192.168.1.20:9000 \
  -e SONAR_TOKEN=tokeni_yako \
  sonarsource/sonar-scanner-cli -Dsonar.projectKey=duka
```

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimeweka localhost:9000, skana inagoma kuunganisha.*
Localhost ndani ya kontena ni kontena hilohilo. Weka IP ya seva.

*Postgres ni lazima? Bila hiyo kwangu imewaka.*
Imewaka kwa H2, kanzidata ndogo iliyomo ndani, ya kujaribia tu. Siku ya kupandisha toleo utakwama, na data haihamishiki. MySQL nayo iliondolewa tangu toleo la 7.9.

*Mradi wa Java unakataa, inadai sonar.java.binaries.*
Kompaili kwanza, kisha ongeza `-Dsonar.java.binaries=target/classes` kama unatumia Maven.

*Matawi mengine ya Git siyaoni.*
Toleo la bure huchambua tawi moja tu kwa kila mradi.

*Nikitaka kuanza upya?*
`docker compose down` haigusi data. Ukiongeza `-v`, kila kitu kimefutika, historia ya ripoti ikiwemo.