Ini la kondoo lenye kifuko cha maji: usimtupie mbwa

Ukichinja kondoo nyumbani, iwe Longido, Monduli au mgombani huko Moshi, weka ini na mapafu kwenye sinia kabla hujagawa nyama. Pitisha vidole huku ukibonyeza. Unatafuta kifuko cheupe, kigumu, kimejaa maji maangavu na kimejichimbia ndani ya ini au pafu. Kinaweza kuwa kama harage, kinaweza kufika ngumi. Hicho ni cha tegu (mnyoo bapa wa utumboni) mdogo wa mbwa. Kifuko laini chenye doa moja jeupe, kinachoning'inia kwenye utando wa mafuta ya tumbo, ni cha tegu mwingine asiyempata binadamu. Nacho mbwa asile.

Usikitoboe. Ndani mna punje kama mchanga, na kila punje ikimezwa na mbwa yaweza kuwa mnyoo. Kosa kubwa hufanyika hapa: ini linaonekana bovu, basi anatupiwa mbwa. Baada ya wiki 6 au 7 mbwa huyo anaanza kutoa mayai kwenye kinyesi. Hayaonekani kwa macho, yananata kwenye manyoya yake, kwenye mchicha, kwenye maji. Mtoto akimpapasa mbwa kisha akala ugali bila kunawa, ameyameza. Mtu haupati ugonjwa huu kwa kula ini. Anaupata kwa mayai ya mbwa. Kifuko humkulia ndani miaka mingi kimyakimya, na kikipasuka chaweza kumuua.

Fukia ini hilo kwenye shimo la mita 1, kisha panga mawe juu, maana mbwa hufukua. Ardhi ikiwa ngumu, lichemshe kwa dakika 40 maji yakitokota, au lichome liwe majivu.

Mbwa apewe prazikwanteli, dawa inayoua tegu, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, kila wiki 6, kabla minyoo mipya haijaanza kutaga. Wa kilo 15 anapata miligramu 75. Kumpima, mbebe mpande mizani pamoja, halafu toa uzito wako. Ivermektini, dawa nyingine ya minyoo, haiui tegu, hata ukiirudia. Baada ya dozi mfunge siku 2, uzoe kinyesi kwa koleo ukichome: dawa huua mnyoo, mayai hubaki hai.

Mwenye uvimbe au maumivu yasiyoisha chini ya mbavu za kulia apigwe utrasaundi, na amwambie daktari kwamba anaishi na mbwa na kondoo kabla uvimbe haujachomwa sindano.